Afande na Kompyuta Iliyopiga Kelele

Chumba cha mbele cha nyumba ile hakikuwa na kiti cha mgeni hata kimoja. Kilijaa nyuzi, vitambaa na makoti yaliyosubiri wenyewe. Katikati ilisimama mashine ya kudarizi yenye sindano sita. Pembeni yake palikuwa na meza, na juu ya meza kompyuta.

Mwenye chumba alikuwa mama mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nakshi. Alidarizi nembo za shule, majina kwenye makoti ya wauguzi na maua kwenye mashuka ya maharusi. Kila nakshi aliichora mwenyewe kwenye kompyuta. Kompyuta iliupeleka mchoro kwenye mashine, na sindano zikafanya kazi yao. Michoro hiyo ilikuwa jasho lake la miaka mingi. Mteja wa zamani akirudi, Mama Nakshi alifungua mchoro uleule, akabadilisha rangi, kazi ikaenda. Bila michoro, mashine ile ingebaki chuma cha kuwekea vikombe.

Mumewe alikuwa amestaafu. Zamani alilinda ghala kubwa, na katika zamu yake halikupotea hata gunia moja. Watu bado walimwita Afande. Sasa alishinda nyumbani akizunguka huku na huku, hajui ashike nini. Alikunja vitambaa, akavikunja vibaya. Alipanga nyuzi, rangi zikachanganyika mpaka mkewe akashika kiuno.

"Baba watoto," Mama Nakshi alimwambia siku moja, "wewe kazi yako ni kulinda. Basi nilindie hii kompyuta. Michoro yangu yote imo humo. Ikipotea, tumekwisha."

Afande alifurahi sana. Siku hiyohiyo alikwenda kwa muuzaji aliyewauzia kompyuta, akaomba aonyeshwe namna ya kuilinda. Muuzaji alikuja nyumbani, akamweleza kwamba kompyuta ina kumbukumbu ya matukio. Kila jambo linalotokea ndani yake huandikwa humo. Imewashwa, inaandika. Mtu amekosea neno la siri, inaandika. Mambo ya kawaida hayana rangi. Ya kutilia shaka huwekewa alama ya njano, na yaliyoshindikana huwekewa alama nyekundu. Muuzaji aliongeza kwamba matukio hayo yanaweza kutumwa kwenye simu. Akauliza atume yapi.

"Yote," Afande alijibu. "Mlinzi hachagui cha kuona."

Muuzaji akafanya kama alivyoambiwa, akaenda zake.

Kuanzia hapo nyumba haikukalika. Simu ililia Afande akinywa chai, ikalia akinawa, ikalia akizungumza na wageni. Programu imefunguliwa. Programu imefungwa. Saa imerekebishwa. Afande alisoma kila ujumbe kwa bidii, miwani puani. Mwanzoni alijiona yuko kazini kama zamani. Baadaye macho yalimwuma na kichwa kikamgonga.

Ujumbe mwekundu ndio uliomchosha zaidi. Ulikuja tena na tena, na maneno yake yaleyale: printa haipatikani. Kweli printa haikuwepo. Iliharibika zamani, wakaitupa, lakini kompyuta ilikuwa bado inaitafuta. Afande akachoka. Alifungua mipangilio aliyoonyeshwa na muuzaji, akazuia ujumbe wote wenye alama nyekundu. Alijiambia kwamba nyekundu ni za printa tu, na printa haipo, basi hakuna hasara. Ujumbe mwingine uliendelea kuingia, lakini sasa alikuwa ameizima sauti na wala hausomi.

Siku moja asubuhi Mama Nakshi alikuwa akitengeneza nembo ya shule. Ilikuwa na ndege mwenye manyoya ya rangi saba, mchoro uliomtesa kuliko yote aliyowahi kuchora. Mteja alitaka nembo ndogo kwa ajili ya kofia. Mama Nakshi akaupunguza mchoro, akaondoa manyoya mengi ili uenee, akauhifadhi. Kumbe ameuhifadhi juu ya ule mkubwa. Ndege wake akabaki amenyonyoka.

Hakuwa na wasiwasi. Kila jioni kompyuta ilinakili michoro yote kwenye diski ndogo iliyochomekwa pembeni. Hiyo ndiyo nakala ya akiba. Alifungua diski ile amtafute ndege wake. Hakumwona. Michoro yote aliyoichora karibuni haikuwemo. Diski ndogo ilikuwa imejaa kitambo, na kompyuta ilikuwa imeacha kunakili.

"Si ilipaswa kutuambia?" aliuliza.

Afande alifungua kumbukumbu ya matukio. Kila jioni kompyuta ilikuwa imeandika kwa alama nyekundu: nakala imeshindikana, diski imejaa. Kila jioni ilikuwa imesema, na yeye ndiye aliyeuzuia ujumbe usifike kwenye simu. Akamweleza mkewe ukweli wote.

Mama Nakshi hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Si nilikupa ulinde?" Kisha akavuta kiti, akaanza kumchora ndege upya. Afande alisikia aibu ambayo hakuwahi kuisikia maisha yake yote ya ulinzi.

Jirani yao wa ng'ambo ya barabara alikuwa dada anayetunza kompyuta za hospitali. Mchana ule alikuja kuchukua koti lake. Akamkuta mama amenuna na mzee amejiinamia. Akaamkia, akaketi juu ya furushi la vitambaa, akauliza kulikoni. Afande hakuficha kitu.

Dada yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mzee, kule ghalani malori yalikuwa yanaingia mengi?"

"Wee, mengi sana. Kutwa kucha."

"Na ulikuwa unapiga king'ora kila lori likiingia?"

Afande alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ningefukuzwa siku ya kwanza."

"Sasa ulikuwa unapiga lini?"

"Nikiona lori nisilolijua. Au lori linatoka wakati wapakiaji wote wanakula. Nani kalipakia? Au mlango niliufunga mwenyewe, nakuja naukuta wazi."

"Na yale mengine hukuyaona?"

"Niliyaona yote. Ila sikuyapigia kelele."

"Basi mzee, kazi hii unaijua kuliko unavyodhani," dada alisema. "Kompyuta iache iandike yote, usifute kitu. Ipo siku utataka kujua kilichotokea. Lakini king'ora kipigwe kwa machache tu. King'ora kikilia kwa kila kitu, masikio yanakizoea, na siku ya hatari hutakisikia. Huko ndiko kuchuja."

Afande akakuna kichwa. Aliuliza atayajuaje hayo machache. Dada akamwambia asiangalie rangi peke yake, maana kuna nyekundu ya upuuzi na kuna njano ya kuua. Aanze na jambo analoliogopa. Akamgeukia Mama Nakshi, akamwuliza anaogopa nini zaidi. Mama hakuhitaji kufikiri. Aliogopa michoro kupotea, na aliogopa mtu kuingia kwenye kompyuta akamwibia.

Basi wakakaa wote watatu mbele ya kioo cha kompyuta. Dada alielekeza, lakini vidole vilivyobonyeza vilikuwa vya Afande. Kwanza walifuta ile printa iliyotupwa kwenye orodha ya kompyuta. Dada alisema kelele yenye chanzo unachokijua haifichwi, bali chanzo ndicho kinachoondolewa. Kisha Afande akairudisha sauti ya simu, akaondoa kile kizuizi chake cha alama nyekundu. Akachagua ujumbe uje kwenye simu nakala ya akiba ikishindikana, diski ya ndani ya kompyuta ikianza kulalamika kwamba inaharibika, au mtu akikosea neno la siri mara nyingi mfululizo. Mengine yote yabaki kwenye kumbukumbu, na Afande ayapitie kila mwisho wa juma akiwa ametulia. Wakaongeza pia nafasi ya kumbukumbu ile, ili matukio ya zamani yasifutwe haraka kupisha mapya. Ile diski iliyojaa wakaiweka kabatini, wakachomeka nyingine kubwa zaidi.

"Tumemaliza?" Mama Nakshi aliuliza.

"Bado hatujajaribu," dada alijibu. "King'ora ambacho hujakijaribu ni pambo."

Mama Nakshi akakosea neno la siri kwa makusudi, tena na tena, huku akifurahia kama mtoto. Simu ya Afande ikalia. Wakachomoa diski ya nakala, wakaiamuru kompyuta inakili. Simu ikalia tena. Afande akatabasamu, lakini mara akakunja uso.

"Mwanangu, nina swali," alisema. "Simu ikinyamaza, nitajuaje kama ni salama? Pengine mlinzi mwenyewe kalala."

Dada alimtazama kwa heshima. Alisema hilo ni swali ambalo hata wenzake kazini hulisahau. Wakaongeza jambo moja. Kila jioni nakala ikifanyika vizuri, kompyuta itume ujumbe mmoja wa kusema imefanyika. Jioni ujumbe huo usipokuja, Afande asingoje. Ainuke akaangalie.

Maisha yakarudi mahali pake. Afande alikunywa chai yake bila kusumbuliwa. Kila jioni ujumbe mmoja uliingia, naye akamwambia mkewe, "Imo." Mama Nakshi akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kazi. Ndege alikuwa amekwisha kuota manyoya yake yote ya rangi saba, safari hii mazuri kuliko ya kwanza. Lakini mama hakulisema jambo lile tena, na Afande alijua kwamba kimya kile bado hakikuwa sifa.

Asubuhi moja Afande alikuwa kwa kinyozi. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umekwisha kunyolewa. Simu ikalia. Zamani asingeigusa. Safari hii alijua haiwezi kulia bure. Akaitazama. Alama ilikuwa ya njano: diski ya kompyuta ina sehemu zisizosomeka.

Akainuka na kitambaa cha kinyozi shingoni. Kinyozi alimwita, hakugeuka.

Alimkuta Mama Nakshi katikati ya mchoro mpya. "Hifadhi, halafu usiguse kitu kingine," alimwambia. Akampigia simu dada wa hospitali. Dada akawaambia wasiizime kompyuta, maana huenda isiwake tena. Wanakili kwanza michoro ya asubuhi ile, ile ambayo nakala ya jana haikuwa nayo. Afande akanakili. Kisha wakafungua nakala na kuikagua mchoro kwa mchoro, na yote ilifunguka.

Walipomaliza, kompyuta ilianza kukwama. Kioo kikawa cheusi. Waliiwasha, haikuwaka. Diski yake ya ndani ilikuwa imekufa kabisa.

Mama Nakshi alisimama akiitazama. Halafu akaitazama diski ya nakala mikononi mwa mumewe. Pumzi ndefu ikamtoka. Ingekuwa kama zamani, angekuwa analia sakafuni.

Jioni ile dada wa hospitali alikuja na diski mpya, akaifunga ndani ya kompyuta, wakairudishia michoro yote. Haukukosekana hata mmoja. Ndege alikuwemo, mkubwa na mdogo. Wakati huo mteja mmoja aliingia kuchukua mashuka yake. Akamwona Afande, upande mmoja wa kichwa una nywele na upande mwingine hauna, akashindwa kujizuia kucheka.

"Usimcheke," Mama Nakshi alimwambia. "Unamwona huyu? Mashuka yako yamedariziwa kwa sababu yake. Huyu ndiye anayelinda kazi yangu yote."

Afande hakujua aweke wapi macho.

Mteja alipoondoka, Mama Nakshi aliketi kwenye kompyuta, akachora kidogo, akaiwasha mashine. Sindano zikacheza. Kazi ya kwanza kutoka kwenye diski mpya haikuwa ya mteja yeyote. Alimwita mumewe, akamvua kitambaa cha kinyozi, akamshonea nembo kwenye mfuko wa shati, akakata uzi kwa meno. Ilikuwa na maneno matatu: Mlinzi wa Kompyuta.

"Haya, nenda kamalizie kichwa chako kabla hajafunga," alimwambia.

Kwa kinyozi palikuwa karibu, unakata kona moja tu umefika. Lakini Afande alizunguka kupitia barabara ndefu, yenye maduka yote, kichwa wazi na kifua mbele.