Matawi ya Mparachichi

Kui alichovya brashi katika ndoo ya maji yenye siki, akasugua kipande kingine cha wavu wa waya. Mikono yake ilikuwa imeanza kuwasha. Wavu ulikuwa mpya na ulimetameta juani, na kwa macho yake haukuwa na uchafu wowote.

"Baba, si hii imetosha?" aliuliza.

"Sugua tu," Baba alijibu kutoka juu ya ngazi. Alikuwa akipigilia mbao za paa. "Shahida alisema waya mpya huwa na ungaunga wa madini yenye sumu. Kasuku hupanda kwa mdomo, kwa hiyo watauramba. Lazima tuuoshe kwanza."

Shahida alisema. Wiki nzima Kui alikuwa akiyasikia maneno hayo, hata mezani wakati wa chai. Shahida alisema banda liwekwe upande wa ukuta ili upepo usiwapige ndege. Shahida alisema liwe na milango miwili, mmoja ndani ya mwingine, ili ndege asiponyoke mtu anapoingia.

"Huyo msichana ana kichwa," Baba aliongeza, misumari ikiwa katikati ya midomo yake.

Kui aliinamia wavu. Alisugua kwa nguvu mpaka povu likamrukia usoni.

Kasuku wenyewe walikuwa wawili, Limau na Pili. Walikuwa wadogo, wa rangi ya kijivu, wenye mashavu ya rangi ya chungwa na vishungi vya manjano kichwani. Baba aliachiwa ndege hao na mwenzake wa kazini aliyehamia Kisumu. Tangu siku hiyo waliishi sebuleni katika kizimba kidogo, na Kui ndiye aliyewapa mtama na kuwabadilishia maji kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Aliwaita watoto wake.

Kisha familia ya Shahida ikapanga nyumba ya nyuma katika ploti yao hapo mtaani Waithaka. Babake, Bwana Sharif, alikuwa na duka la vitambaa katikati ya jiji. Shahida alilelewa Lamu na bibi yake aliyefuga kasuku, na sasa alisoma darasa moja na Kui. Siku ya kwanza alipoingia sebuleni, aliwaamkia wazazi, "Shikamoo, Mama Kui. Shikamoo, Baba Kui." Mama alifurahi sana, ingawa alichukua muda kukumbuka kuitikia. Shahida akachuchumaa karibu na kizimba, akapiga mluzi mdogo. Limau akatoka, akapanda kidole chake, akatembea mkononi mpaka begani, akatulia hapo kana kwamba amefika kwao.

Limau hakuwa amewahi kupanda bega la Kui hata mara moja.

Kui alipokuwa akisuuza wavu, Shahida alitokea kwenye njia ya nyuma akiwa amevaa buibui, mfuko mkononi. Alikuwa akienda mjini kumsaidia babake dukani, kama alivyofanya kila Jumamosi.

"Sasa, Kui. Mbona umevimba hivyo?"

"Sijavimba. Nafanya kazi uliyonipa."

Shahida alicheka. "Mimi sijakupa kazi. Nimesema tu." Kisha akaona rundo la matawi chini ya ukuta. Baba alikuwa ameyakata kwenye mparachichi mkubwa wa uani kwa sababu yaligusa nyaya za umeme. Shahida aliacha kucheka. "Hayo ni ya nini?"

"Baba atatengeneza fito za kukalia kasuku. Ni manene, wataweza kuyashika vizuri."

"Basi mwambie asiyatumie, tafadhali. Mparachichi ni sumu kwa kasuku. Majani, maganda, tunda, yote. Bibi hakuruhusu hata jani moja karibu na ndege wake. Mpera ndio mzuri. Baba Kui yuko wapi nimwambie?"

Baba alikuwa ameingia ndani kujibu simu.

"Kwenu kila kitu ni sumu," Kui alisema. "Sisi hula parachichi kila siku na hatujafa."

"Wewe si kasuku. Utamwambia? Baba yangu ananingoja stendi."

"Nitamwambia."

Baba aliporudi, Kui alifungua mdomo, kisha akaufunga. Alijua angeambiwa nini. Angeambiwa, "Unaona? Shahida hufikiria mbele." Na jioni Shahida angerudi apewe chai na mandazi, na Limau angepanda begani kwake tena, mbele ya kila mtu. Kui akajiambia kwamba huenda Shahida alikosea. Akajiambia kwamba angesema baadaye. Kisha akaanza kutoboa mashimo alipoelekezwa na Baba, na matawi ya mparachichi yakaingia bandani moja baada ya jingine.

Kufikia alasiri wavu ulikuwa umekauka na kupigiliwa pande zote. Mlango wa nje ulikuwa umewekwa, wa ndani bado. Baba alirudi nyuma hatua chache, akapangusa jasho.

"Mlango wa pili tutaupachika kesho tukitoka kanisani. Lakini leo tuwalete kidogo waone kwao, mimi na wewe tukiwa ndani. Leta watoto wako."

Watoto wako. Kui alikwenda kuchukua kizimba huku maneno hayo yakimkaa kifuani. Ndani ya banda, Baba alifunga mlango wa nje, akafungua kizimba. Pili alibaki pale pale, akitazama. Limau alitoka, akanyoosha mabawa, akaruka mpaka kwenye tawi la juu. Alikuwa anapendeza. Kishungi chake kilisimama. Aliinama, akashika ganda la tawi kwa mdomo, akaanza kulibandua.

"Ona anavyofurahi," Baba alisema.

Kui hakufurahi. Alisubiri Limau aache, lakini ganda lilizidi kubanduka.

"Baba, mtoe hapo."

"Kwa nini?"

Kui hakungoja. Alipanda juu ya ndoo, akaingiza kidole mdomoni mwa Limau. Limau akamng'ata. Kui hakuondoa mkono. Alilivuta ganda mpaka likatoka, akamshika Limau kwa mikono miwili, akamrudisha kizimbani. Kidole kilikuwa kinatoka damu.

"Hayo matawi ni sumu kwao," alisema.

Baba aliliokota lile ganda, akaligeuza. Lilikuwa zima, na alama za mdomo pembeni. "Hakumeza," alisema. Kisha akamtazama binti yake. "Vizuri umekumbuka mapema. Ulisoma wapi?"

Ingekuwa rahisi kusema shuleni. Shahida hakuwapo. Baba angemsifu, kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

"Sikusoma," Kui alisema. "Shahida aliniambia asubuhi nikuambie. Sikukuambia."

"Ulisahau?"

"Hapana. Kila siku ni Shahida, Shahida. Sikutaka asifiwe tena."

Baba alimpigia simu daktari wa mifugo, akamweleza yote. Kui alisimama akisikiliza, damu ikidondoka kwenye kiatu. Daktari alisema kasuku warudishwe ndani, wapewe maji safi, na waangaliwe mpaka kesho. Ikiwa ganda halikumezwa, hakukuwa na la kuogopa.

Shahida alirudi jioni. Baba alimwachia Kui aseme mwenyewe. Shahida alisikiliza, akamkagua Limau, kisha akamtazama Kui.

"Kwa hiyo nikiwa na ujumbe tena, nimtume kasuku?"

Kui alitamani kucheka lakini machozi yakamtangulia. "Nisamehe."

"Nimekasirika," Shahida alisema. "Lakini lete hicho kidole kwanza. Wanang'ata, eh?"

Shahida alipokwenda kutafuta bandeji, Baba alichukua bisibisi, akarudi bandani na Kui, akaanza kuzifungua fito. Alifanya polepole, kama kawaida yake, na alizungumza bila kumtazama Kui.

"Ulipoficha maneno yake, ulidhani unamnyang'anya Shahida kitu. Yeye angelala vizuri tu leo. Limau ndiye angelipa. Wivu uko hivyo, Kui. Unamlenga mtu mmoja, unampiga mwingine ambaye hata hajui mna ugomvi. Kuusikia moyoni si kosa, hata mimi huusikia. Lakini ukiona umeanza kunyamaza mahali ulipopaswa kusema, jua umeshaanza kuumiza. Nami nimesifu upande mmoja wiki nzima. Hilo nitalirekebisha mimi."

"Ndiyo, Baba."

"Shika hapa."

Kui alishika. Walitoa fito nne kabla giza halijaingia. Ya tano iligoma, skrubu yake ikiwa imeliwa kichwa, wakaiacha mpaka kesho yake. Walifunika mbao za paa kwa karatasi ya plastiki zisinyeshewe. Kesho wangetafuta matawi ya mpera, na Shahida alikuwa amesema atakuja kuyachagua mapema, kabla akina Kui hawajakwenda kanisani.