Alfajiri Ambayo Patrisi Hakugonga Ukuta

"Baba Brigita, huo ukuta wangu unaugonga kila alfajiri mpaka plasta inadondoka. Na unayemwamsha mwenyewe yuko macho."

Mwenye nyumba, mama Hyasinta, alisema hivyo huku anaanua nguo zake kwenye kamba. Patrisi alikuwa amechuchumaa uani, anasugua weusi wa matairi mikononi.

"Macho vipi?"

"Resiato ana jogoo kwenye simu. Mimi chumba changu ni cha upande wake wa pili, namsikia. Jogoo anawika, anamzima, anatulia. Wewe saa hizo uko hapa uani unapepea jiko. Ukiingia ndani ukagonga, ndipo anaitika kwa sauti ya usingizi, 'Asante jirani, nimeamka.'" Mama Hyasinta akacheka. "Mtu mzima unachezewa hivyo."

Patrisi alimwaga maji, akaingia ndani.

Alikuwa fundi pancha wa stendi ya Karatu. Zamani alilima mahindi kijijini Daa. Mkewe Laurencia alipougua ilikuwa masika, gari likanasa kwenye tope, akafia njiani kichwa chake kikiwa mapajani mwa mumewe. Barabara hiyo waheshimiwa walikuwa wakiiahidi kila uchaguzi. Baada ya kuzika, Patrisi alipanga chumba ambacho ukifungua mlango unaona mabasi. Aliapa hatakaa tena mahali ambapo kupata gari ni bahati. Na sasa waheshimiwa wametangaza kwamba stendi inahamishiwa nje ya mji. Hawakumuuliza hata mtu mmoja anayepanda basi. Wao wana magari yao.

Resiato alitoka Kakesio. Mume alikuwa anampiga, ng'ombe wa mahari wakarudishwa, yeye akapata kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli ya watalii huko juu Ngorongoro. Kazi hiyo inataka gari la kwanza. Wiki yake ya kwanza umeme ulikatika, simu ikazima, akachelewa. Jioni akaita kupitia ukutani, "Jirani, ukiamka nigongee." Patrisi akagonga. Akaendelea kugonga, masika na kiangazi. Baadaye kikombe cha chai kutoka kwenye jiko lake kikaanza kupita dirishani kwa Resiato. Penzi lao lilikuwa hilo, na hakuna kati yao aliyewahi kulitaja.

Alfajiri iliyofuata Patrisi aliwasha jiko kama kawaida, akaingia ndani, akakaa kitandani mikono kwapani. Gari la kwanza likapiga honi. Likapiga tena. Kisha akalisikia linaondoka kuelekea Ngorongoro. Chumba cha pili kimya.

Simu yake ikalia. Alikuwa Modest, konda.

"Mzee Patrisi, mama wa mashuka yuko wapi? Nimemshikia siti mpaka abiria wamenitukana."

"Muulize mwenyewe."

"Hapokei. Mmegombana?"

"Wewe kusanya nauli zako."

"Basi, mzee wangu. Naona leo umeamka na pancha."

Kabla hajaiweka simu chini, ujumbe ukaingia:

"Baba Brigita, unaumwa?"

Akaandika kwa kidole kimoja:

"Muulize jogoo wako."

Mlango wa pili ukafunguka. Resiato akaja kusimama kizingitini kwake, sare ya kazi mwilini, shuka jekundu mabegani.

"Kumbe mzima, na hukugonga."

"Kumbe uko macho, na hukuondoka."

"Nilikuwa nakungoja."

"Mwenye jogoo wake anamngojea nani?"

Simu ya Resiato ikaita. Aliitazama, akapokea.

"Ndiyo, bosi... Hapana, gari lilikuja... Siumwi... Sijui hata nikuambie nini, bosi... Sawa, nimesikia."

Akaishusha taratibu.

"Anasema nikikosa gari tena, nisirudi."

Hasira ya Patrisi ikakatika. "Resiato, unataka kupoteza kazi kwa sababu ya kugongewa ukuta?"

"Kule nilikoolewa nilikuwa naamshwa kwa teke. Wewe unagonga kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayepiga hodi kwa mkwe. Nilivyopata simu nzuri, nikaweka jogoo aniamshe kabla yako, ili nikikusikia nisiwe usingizini. Ningekuambia nina jogoo, ungeacha. Naona mama Hyasinta kakuambia, na kweli umeacha."

Patrisi alitazama vidole vyake.

"Nilidhani mnanicheka."

"Anayecheka ni mama Hyasinta. Mimi nimekosa gari."

"Hata hivyo mambo yenyewe yamekwisha. Stendi inahama, na wewe utaifuata."

"Nimeshapata chumba karibu na stendi mpya."

"Hongera."

"Mwenye nyumba wa huko kaniuliza tuko wangapi. Nikamwambia wawili."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, ubishi wake wa zamani ukapanda.

"Mimi sihami. Walishindwa kutengeneza barabara, mke wangu akafa kwenye tope. Sasa waniswage kama mbuzi niende wanakotaka wao?"

"Wakubwa hawakujui hata jina, Patrisi. Anayekuhamisha ni mimi."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake.

Kutoka uani mama Hyasinta akapaza sauti, "Na mimi nitabaki na nani humu?"

"Na plasta yako, mama," Resiato akamjibu.

Patrisi alijikuta anacheka. Kisha akakumbuka binti yake. "Brigita atasemaje?"

"Nilimpigia jana. Kaniuliza kama najua baba yake anakoroma. Nikamwambia ukuta wa mama Hyasinta hauna siri."

"Na huko nitagonga wapi?"

"Upande wa pili anakaa askari mstaafu. Huyo mwache alale. Mimi utanigusa bega."

Patrisi akavaa viatu. "Twende, gari la pili halijaondoka. Bosi wako mwambie kosa ni la fundi pancha."

Alimsindikiza mpaka mlangoni mwa gari, mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Padri alitangaza ndoa yao, wakafunga. Stendi mpya nayo ikafunguliwa, haina choo wala kivuli, na mheshimiwa aliyekata utepe akapanda gari lake akaondoka. Patrisi alilisema hilo kila siku kwa kila aliyemletea tairi.

Alfajiri ya kwanza katika chumba kipya, jogoo wa simu aliwika. Resiato akamzima. Akamsikia Patrisi nje anapepea jiko, kisha miguu yake inaingia ndani polepole. Akafumba macho, akangoja.