Jua la Kwai Halichomi

"Geuka kidogo. Upande wa dirisha."

Sesilia akageuka. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye ndoo ya maziwa, na ndani yake alikaa Edgar, shati limepigwa pasi, yuko ofisi ya walimu Lushoto mjini. Kila asubuhi kabla ya vipindi alipiga simu ya video aukague uso wa mchumba wake. Kukagua ndilo neno lenyewe, ingawa Sesilia wakati huo alikuwa bado analiita mapenzi.

"Bado yapo," Edgar alisema.

"Yataondokaje na sijatibiwa?"

"Ndiyo maana nakwambia nenda hospitali. Mimi sina neno, Sesi. Ila picha za harusi zinakaa maisha."

Chunusi za usichana zilikuwa zimemwachia Sesilia mashimo na madoa mashavu yote mawili. Pale Kwai, kijijini kwao milimani, hakuna aliyewahi kumsema. Watu walinunua maziwa yake, wakamsalimu, wakaenda zao. Na Edgar mwenyewe alimtongoza akiwa na uso uleule, akamvisha pete akiwa na uso uleule. Harusi ilipokaribia ndipo macho yake yalipofunguka, sijui nani aliyamwagia maji.

Basi Sesilia akashuka Mombo, akaunganisha gari hadi mji mkubwa wa huko chini kwa daktari wa ngozi. Edgar alikuwa anasimamia mitihani, akasema atafuatilia kwa simu. Daktari, mama mmoja mpole, akaushika uso ule kwa vidole viwili na kumweleza bila haraka. Krimu hufifisha madoa, lakini haifukii shimo. Sindano ndogondogo huiamsha ngozi ijijaze yenyewe, ila huchukua miezi na hurudiwa rudiwa. Leza ina nguvu, lakini ngozi nyeusi inaweza kuachwa na weusi isipotumiwa kwa uangalifu. Kuchubua kwa tindikali huonyesha mabadiliko mapema, ila mashimo ya ndani hubaki palepale, na jua likikugusa utajuta.

"Mimi naona sindano," alisema Sesilia.

"Harusi itakuwa imepita," Edgar akajibu kutoka kwenye simu. "Wamchubue."

Daktari akamtazama Sesilia, wala si simu.

"Huu uso ni wa nani, dada?"

Sesilia alicheka kidogo kwa aibu. Akasema wachubue.

Alirudi mlimani na kofia pana na mafuta ya kuzuia jua, pamoja na onyo la kutotoka bila vitu hivyo. Pale Mombo, joto lilipomkaba, alijipaka na kujifunika kama alivyoagizwa. Lakini gari lilipopanda na ukungu kuanza, akavaa sweta. Edgar alimpokea stendi akacheka.

"Vua hiyo kofia, watu watadhani umekuja kutalii. Huku juu jua linamchoma nani?"

Mama yake naye akasema hivyohivyo, kwa Kishambaa, akiongeza kwamba mafuta yale ayatunzie safari za huko chini. Hata mimi ningesema hivyo. Mtu wa milimani anajua jua ni la watu wa Mombo na Mazinde, huku kwetu ni baridi na umande. Sesilia akaitundika kofia nyuma ya mlango, akaenda kupalilia karoti uso wazi, asubuhi hadi mchana, ndani ya ukungu.

Mwanzoni uso uling'aa. Jumapili ya kwanza ndoa ikatangazwa kanisani, kama ilivyo desturi ya Walutheri, majina yakisomwa Jumapili tatu na mwinjilisti akiuliza kila mara kama kuna mwenye kipingamizi. Jumapili ya pili yakasomwa tena, na hapo mashavu yalikuwa yameanza kubadilika. Siku chache baadaye yakawa na mabaka meusi, na mashimo yamo ndani yake.

Alimpigia daktari.

"Ulikuwa unavaa kofia?"

"Kulikuwa na ukungu tu, daktari. Jua halikuwapo."

"Lilikuwapo, mwanangu. Mwanga unapita kwenye ukungu, na huko juu ni mkali. Baridi ndiyo inakudanganya." Kisha akamwambia mabaka yatafifia, lakini kwa miezi, na mengine huenda yakabaki.

Jumapili ya tatu majina yakasomwa, ya kwao hayamo. Ibada ilipokwisha Sesilia akamfuata mwinjilisti Sefania nje.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee akaangalia pembeni. "Edgar alisema tusimamishe, mpaka uso wako utulie. Nilidhani mmekubaliana."

Sesilia alimtumia Edgar ujumbe akiwa bado amesimama palepale uani.

"Umesimamisha tangazo?"

"Kwa muda tu. Nifikirie na mimi. Nitasimamaje mbele ya walimu wenzangu?"

Kesho yake asubuhi alimpigia.

"Wewe ndiye uliyenivua kofia, Edgar."

"Daktari alikwambia wewe, si mimi."

Hilo lilimuuma kuliko uso. Akauliza lile alilokuwa analiogopa.

"Na kama uso hautapona?"

Simu ilibaki wazi. Sesilia alisikia wanafunzi wakiimba wimbo wa taifa mstarini, wakaimba mpaka mwisho.

"Kengele imelia," Edgar akasema, akakata.

Alilia kwenye zizi la ng'ombe ili mama asimsikie. Alimpenda yule mwanaume, tusimdharau kwa hilo. Angemwambia hata "sijui", angemsubiri.

Miezi ikapita. Safari hii alivaa kofia na kujipaka, hata siku za mvua, majirani wakacheka mpaka wakazoea. Mabaka yakafifia mengi, si yote. Ndipo Edgar akaja nyumbani na sukari ya mama. Hakusema samahani. Alimshika Sesilia kidevu, akamgeuza upande wa dirisha.

"Sasa umerudi," alisema, akatabasamu.

Jioni ileile akaenda kwa mchungaji, na tangazo lililobaki likapangiwa Jumapili. Mama alifurahi sana, akaanza kuhesabu kuku.

Jumapili kanisa lilijaa. Mwinjilisti Sefania akasoma jina la Edgar, akasoma la Sesilia, akauliza kama ilivyo kawaida kama kuna mwenye kipingamizi. Huwa hakuna anayeinua kichwa pale.

Sesilia akasimama.

"Ninacho mimi."

"Wewe ndiye bibi harusi, mwanangu."

"Ndiyo, baba. Nilimuuliza mwenzangu kama uso hautapona itakuwaje. Bado nasubiri jibu."

Watu wote wakamgeukia Edgar upande wa wanaume. Sesilia naye alimtazama, na kusema kweli bado alikuwa anamngoja. Hata pale, mbele ya kanisa zima, neno moja lingemkalisha chini. Edgar aliinama akatazama viatu vyake.

Mama alimvuta gauni taratibu. Sesilia akautoa mkono wa mama, akatoka nje kwa mlango wa kati huku machozi yakimtiririka kwenye mashimo yake, mbele ya kila mtu. Ukungu ulikuwa umefika hadi ngazini. Akavaa kofia, akafunga kamba chini ya kidevu, akaenda nyumbani kukamua.