Sahani ya Idi Isiyopoa

Mwezi wa Idi ulipoandama mwaka 2004, mimi nilikuwa mlangoni kwa dada yangu Zulekha, Bungoma, nikiomba sahani.

Si sahani hivi hivi. Ni za kauri, nyeupe, zenye ukingo wa dhahabu na maua ya buluu. Nyanya alizinunua Kitale kwa Mhindi mmoja zamani, zikaja kwa mama. Siku za kawaida kwetu tulikula kwenye sinia moja, mikono ikipigania nyama kama mabeki kwenye kona. Lakini Idi, kila mtu na sahani yake. Chini ya kila moja mama alipaka herufi kwa rangi nyekundu ya kucha, vile watu huweka alama kwenye vyombo vyao visipotelee kwenye harusi za majirani. Z ya Zulekha. H ya Hamdun, ndiye mimi, mchekeshaji wa majukwaani, na tumbo langu ni ushahidi kwamba wengine hunilipa kwa pilau.

Mama alifariki Idi ya mwaka uliotangulia. Tangu siku hiyo Zulekha hakunisemesha. Nilitaka safari hii familia ije kula kwangu Kitale, kwenye sahani za mama, nione kama dada yangu atanisamehe. Nilikuja na hotuba ndefu na vichekesho viwili vya akiba.

Sikuvihitaji. Boksi lilikuwa tayari limefungwa kwa kamba.

"Chukua zote," akasema. Kisha, chini chini: "Ile yako usiitoe."

"Kwa nini?"

Akafunga mlango.

Kesho yake jioni, Nasro mke wangu alizifungua kutoka kwenye magazeti, akizigonga moja moja kwa kidole kusikiliza kama kuna iliyopata ufa. Ti... ti... ti... Alipofika ya mwisho, aliiachia mezani kama imemng'ata.

"Hii umeitoa jikoni saa ngapi?"

Sikuwa nimeitoa popote. Nikaigusa.

Ilikuwa na joto.

Joto la sahani iliyotoka kupakuliwa sasa hivi. Na ilinukia bizari nyembamba iliyoungua kidogo, jinsi mama pekee alivyoiunguza. Nikaigeuza. H.

Nikajiambia Zulekha ananifanyia mchezo, ameamua kuniingilia kazi. Nikaiweka mahali pangu mezani. Mtu mzima akikatazwa kitu bila sababu atafanya nini?

Zulekha alikuja na mumewe, Zahid. Tukaketi. Vijiko vikalia, watu wakanyamaza. Dada yangu hakula. Alitazama sahani yangu tu. Sasa, ukimya ukikaa zaidi ya dakika mbili mimi huumwa, ni ugonjwa wa kazi. Nikachukua kitambaa cha meza, nikajifunga kiunoni kama leso, nikavuta kidevu ndani, nikatoa sauti ya mama: "Anayekwaruza sahani zangu, aende China aniletee zingine!"

Zahid alicheka mpaka akakohoa. Hata Zulekha midomo ilimcheza. Nikafurahi, nikajaza kijiko, nikala.

"Hamdun ako Kamukuywa. Ngojeni."

Sauti ya mama. Kutoka jikoni.

Zahid akanipiga bega, machozi ya kicheko yakimtoka. "Wewe shemeji ni noma, bana."

Mdomo wangu ulikuwa umejaa wali.

Maneno hayo niliyajua. Mwaka uliotangulia nilikuwa bado mbali, Moi's Bridge, kwenye sherehe ya wafanyabiashara wa mahindi, maikrofoni mkononi. Mama akapiga simu: uko wapi, chakula tayari. Nikamjibu vile sisi sote hujibu tukichelewa. Niko Kamukuywa, mama. Naingia sasa hivi. Msipakue bila mimi. Halafu watu wakataka kichekesho kimoja zaidi. Nikawapa. Wakataka kingine. Nilipofika Bungoma, nilikuta wanawake wamejitanda, wanalia.

"Alipasha chakula chako mara nne," Zulekha akaninong'oneza. Zahid alikuwa ameacha kucheka. "Alikataa tule. Yeye mwenyewe hakugusa kitu. Alianguka na sahani yako mkononi, Hamdun, na haikuvunjika."

"Na hii sauti?"

"Kila magharibi, Zahid akiwa msikitini. Mwaka mzima. Ustadh alikuja akasoma, ikanyamaza. Akaenda, ikaanza." Akafuta macho. "Ulidhani nimekasirika. Ningekuambiaje kwamba bado anakungoja?"

Nikaingia jikoni.

Hakukuwa na mtu. Jiko lilikuwa limezimwa. Harufu ya bizari, nzito... Kifuniko cha sufuria kikainuka kidogo, kikarudi. Tik.

"Mama, nimefika."

Ndala zikaburuta sakafuni. Sha... sha... sha... Zikanipita. Zikasimama mlangoni, pale mtu anaposimama kuchungulia barabara.

"Mama. Mimi hapa."

"Ako Kamukuywa," ikajibu polepole, kwa fahari, kama anayewatuliza wageni. "Ako karibu."

Nina sauti arobaini. Naiga wazee, mapolisi, watoto, hata jenereta. Nikamwita kwa ile yangu, isiyo na mapambo, ile niliyomlilia nikiwa na meno mawili.

Hakugeuka.

Sasa ni Idi ya tano. Zulekha huja, hunishika mkono sauti ikifika kwenye maneno yale. Mimi siku hizi nikipigiwa simu husema nilipo kweli, hata kama ni kitandani. Na kila Idi naitoa sahani yangu kwenye gazeti, naigusa, nasema nimefika. Mwaka wa kwanza joto lile lilinitoa jasho la hofu.

Jioni hii nimeigusa.

Imepoa kidogo.

Nimegusa ukingo, nikagusa katikati, nikaigeuza nikagusa H. Nimeiingiza ndani ya kanzu, nimeikumbatia kifuani isizidi kupoa, nimekaa nayo jikoni gizani nikisikiliza. Nasro ananiita, wageni wameketi, chakula kinapoa.

Nimemwambia wangoje.