Jibu la Kibandani

Siku ile ya sikukuu, lango la hifadhi ya ndege lilifurika watu kama mnada wa nguo. Hifadhi yenyewe iko pale mji unapoishia na tope la bahari linapoanzia, na kila mwenye mapumziko alikuwa amekuja kutembea juu ya daraja refu la mbao, katikati ya mikoko, akitazama ndege.

Pindo alikuja na dada yake mkubwa. Pindo mwenyewe alikuwa mshonaji, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu hakuna aliyemzidi kukunja pindo la gauni. Siku hiyo alivaa gauni alilojishonea mwenyewe, la njano kali, limembana kiunoni na kumwagika chini. Mwongoza wageni mmoja, kijana mrefu mwenye darubini shingoni, akamsimamisha.

"Dada, samahani. Hilo gauni."

"Limekukosea nini?"

"Mimi halijanikosea, tena laiti lingebaki hivyo hivyo. Watakaolalamika ni ndege. Wakiona rangi hiyo wanaruka wote."

Akavua koti lake la kaki, akampa. Pindo akalinusa.

"Linanuka tope."

"Ndiyo manukato ya kazini, mama."

Dada mtu akacheka mpaka akashika mbavu.

Huko ndani kulikuwa na kibanda cha mbao chenye matundu ya kuchungulia. Kabla hawajaingia, mwongozaji akawapa sheria yake. "Nikinyanyua mkono, kimya. Hata chafya imeze. Mpaka niushushe. Sauti moja tu, mama ndege anakimbia na makinda yanabaki juani."

Akanyanyua mkono. Ndege aina ya heroe walikuwa karibu, wamesimama kwa miguu yao miembamba ya waridi. Pindo akaona mmoja anavyotembea kwa maringo, kicheko kikamponyoka. Maji yakatibuka, ndege wakapaa wote.

"Mdomo wako una injini," mwongozaji akamwambia walipotoka.

"Nitajifunza kuuzima. Utaona."

Na kweli alijifunza. Kila Jumapili alirudi, sasa amevaa gauni la rangi ya kijani iliyofifia. Jioni zilikuwa za simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe umeshindaje na wake zako wenye mabawa?"

"Wamekuulizia. Wanasema siku hizi umekuwa mpole, unaumwa?"

"Waambie nimefundishwa adabu na mume wao."

Walipendana hivyo, kwa utani, mpaka mwongozaji akapata barua ya kuhamishiwa hifadhi nyingine, mbali sana, kwenye mabwawa ambako hata simu inashika kwa kubahatisha. Alikaa na habari hiyo moyoni hadi Jumapili. Wakaingia kibandani wawili tu. Yangeyange mmoja alikuwa karibu na tundu, analisha makinda. Mwongozaji akanyanyua mkono, kama alivyozoea. Pindo akakaza midomo.

Ndipo yule kijana, macho yakiwa bado kwa ndege, akanong'ona: "Wananihamisha wiki ijayo. Twende wote, Pindo. Nikuoe."

Moyo wa Pindo uliruka. Neno lilimfika kwenye ulimi, akalimeza, maana mkono ulikuwa bado juu. Akajua anapimwa. Akafurahi kimoyomoyo kwamba safari hii hatamwaibisha, akabaki anamtazama, machozi yanamlengalenga, akingoja ushuke.

Mwongozaji alikuwa ameusahau mkono wake. Alichosikia ni kimya. Yangeyange akaruka, wageni wengine wakaingia kwa kishindo, naye akatoka haraka.

"Usijali," akasema mlangoni bila kugeuka. "Nimeelewa."

Pindo alidhani atamngoja langoni, mahali pa kusemea. Hakumkuta. Jioni simu haikulia, wala kesho yake.

"Mpigie wewe," dada yake akamwambia.

"Aliyeuliza ni yeye. Atakuja kuchukua jibu lake."

"Unamringia nani? Mtu anaondoka huyo."

Siku maringo yalipomwisha, akapiga. Hapatikani. Akapiga tena, na tena, halafu akaona haya, akaacha. Angeweza kupanda basi akamfuata. Alirudi kwenye cherehani.

Miaka ikapita. Jumapili moja alikwenda hifadhini peke yake, akamkuta darajani. Alikuwa amerudishwa, sasa ni mkuu wa waongozaji, mashavu yamejaa, pete kidoleni. Wakasalimiana kama watu waliobeba vyombo vya udongo.

"Kwa nini hukunijibu siku ile?" akauliza mwishowe. "Ungesema tu hapana."

"Ulikuwa umenyanyua mkono."

"Mkono?"

"Ulikuwa juu. Ulipoushusha, ukaondoka."

Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Alitaka kucheka, kicheko kikakataa.

"Na usingekuwa juu?"

"Ningesema ndiyo. Ningekwenda na wewe hata kesho yake."

"Mbona hukunipigia?"

"Niliringa. Nilipopiga, ulikuwa umeshaondoka."

"Na mimi ilinipasa niulize mara ya pili."

"Ungeuliza," Pindo akasema polepole, bila kumlaumu.

Simu ya mwongozaji ikalia. Sauti ya mwanamke ilisikika, ikisema mtoto joto limepanda tena.

"Nakuja, mama watoto. Mpe maji, nakuja sasa hivi." Akaishusha simu, akasimama pale, hajui aweke wapi macho.

"Nenda," Pindo akamwambia. "Mtoto anaumwa."

Akaenda. Mbao zililia chini ya viatu vyake mpaka alipofika nchi kavu.

Nyumbani, dada yake alikuwa anakunja nguo. Alimwona uso, akaacha.

"Umemwona."

"Nimemwona."

"Kasemaje?"

"Kauliza."

"Na wewe?"

Pindo akakaa kitandani, kati ya nguo zilizokunjwa na zisizokunjwa. "Nimemjibu," akasema.