Kiboksi cha Kijani Uani kwa Dada Yusta

Mimi ni fundi wa kamera, kibanda changu kiko Soweto hapa Mbeya, na kwa kawaida mtu akiniletea habari za mizimu namwambia anywe maji akalale. Lakini haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, Yusta, na niliyaona kwa macho yangu.

Dada aliolewa Kilolo. Mumewe, Philbert, alifariki mwaka juzi akazikwa nyumbani, kwenye miparachichi upande wa dirisha la nyuma, kama watu wote wa ukoo ule. Matanga hayajapoa, mdogo wa marehemu, Fanueli, akaanza visa. Alitaka dada ahame amwachie nyumba na shamba. Kila asubuhi dada akawa anakuta udongo wa kaburi umemwagwa mlangoni, na Fanueli anatangaza kijiji kizima kwamba marehemu anamfukuza mkewe. Mshenzi yule!

Nikapeleka kamera inayozunguka, nikaifunga kwenye nguzo ya uani. Nikaiwekea vituo: geti, mlango, zizi, dirisha la nyuma. Nikapunguza kasi ya kugeuka ili picha isiyumbe, kisha nikawasha mpangilio wa kufuata binadamu. Ikimwona mtu, inamzungushia kiboksi cha kijani na kugeuka naye popote aendapo. Picha nikaziunganisha na runinga ya dada na simu yangu.

"Jofrey, pale kaburini pazibe," dada akaniambia. "Siwezi kushinda namtazama mume wangu kwenye runinga."

Nikapaziba kwenye mipangilio ya kamera. Upande ule wote ukawa doa jeusi kwenye picha.

Siku hiyohiyo Fanueli akaja kusalimia. "Kamwene, shemeji," akajichekesha. Shemeji hafukuzwi, basi akakaribishwa sebuleni, akapewa chai, akaitazama ile picha mpaka akaridhika. Sisi wenyewe tulimwonyesha pa kujificha. Tangu hapo udongo ukahama mlangoni, ukawa unamwagwa dirisha la nyuma, ndani ya doa.

Asubuhi moja nikiwa kibandani, simu ikalia. Kamera imeona mtu. Nikafungua picha. Ukungu ulikuwa umetanda uani kwa dada. Kamera ilikuwa inageuka polepole kutoka kwenye doa jeusi, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kiboksi cha kijani kilikuwepo. Ndani yake hapakuwa na mtu.

Kikapita zizi. Kikafika mlangoni. Kikasimama.

Nikazima mpangilio wa kufuata. Kamera haikutii. Nikaigeuza getini kwa kidole. Ikaenda, kisha ikarudi mlangoni yenyewe. Nikampigia dada.

"Uko wapi?"

"Sebuleni."

"Usifungue mlango."

Halafu akanong'ona, "Jofrey, kuna mtu anakohoa nje. Anakohoa kama Philbert."

Nikaweka simu kwenye spika, nikarudi kwenye picha.

"Toa hilo jeusi," akasema. "Nataka kuona kaburi."

Nikalitoa, nikageuza kamera huko; safari hii ikatii, nikavuta picha karibu. Kaburi lilikuwa halijajengewa saruji. Ubavuni lilikuwa limechimbwa, na jembe la Fanueli, lile la mpini uliofungwa raba, limeachwa palepale. Alikuwa anachota udongo wa kaka yake bila wasiwasi, kwa sababu alijua haonekani.

Nikairudisha kamera uani, na huyo hapo getini, kaja kuona kama dawa yake imefanya kazi.

"Shemeji, bado upo tu?" Sauti ilinifikia hadi Mbeya. "Kaka hakutaki! Funga mizigo!"

Kiboksi kikaondoka mlangoni. Hakikukimbia. Kikavuka ua. Kikasimama nyuma ya Fanueli, naye ana chake. Vikawa viwili.

Fanueli akajishika shingo.

"Kaka," akanong'ona. "Kaka, nisamehe."

Viboksi vikasogeleana. Vikawa kimoja.

Majirani walimwokota akiwa hai, mdomo umejaa udongo. Mpaka leo hajatamka neno. Sikumhurumia, na sitamhurumia.

Kuanzia hapo hakuna aliyethubutu kumgusa dada. Nyumba ni yake, shamba ni lake. Lakini mimi sikuwa na amani. Nikamsihi afunge nyumba kwa muda, aje tukae wote Mbeya.

"Nije huko," akanijibu taratibu, "huyu nimwache na nani?"

Nilidhani anazungumzia ng'ombe.

Juzi mchana nikafungua picha. Jua lilikuwa linawaka. Dada amekaa barazani anapukuchua mahindi, anaongea na kucheka. Kando yake kuna kiti kitupu, na mbele ya kiti, juu ya stuli, kikombe cha chai kinatoa mvuke. Kamera ilikuwa imechora viboksi viwili.

Nikavuta picha mpaka kikombe kikajaa kwenye kioo cha simu yangu. Hakuna aliyekishika. Chai ilikuwa inapungua.