Aliyemwitikia Koplo

Bibi aliita kutoka jikoni, "Mzee, chai inapoa!" na chumbani mtu akajibu, "Yupo!"

Bibi akaendelea kukoroga sukari. Aliyeganda na kikombe mkononi ni mjukuu, kwa sababu babu alikuwa nje, mbele ya macho yake kabisa, amekaa ngazini anapiga viatu rangi. Mjukuu akaenda kuchungulia chumbani. Hakukuwa na mtu. Kitanda kimetandikwa kijeshi, shuka halina hata kunyanzi moja. Sakafuni palikuwa na maji kidogo, na harufu ya tope la mtoni na ngozi iliyolowa.

"Bomba linavuja," akajisemea. Chumba kile hakikuwa na bomba.

Mtaani walimwita Digrii, na hawakuwa wanamsifu. Miaka minne ya chuo, sivii za kutosha kufungia karanga za soko zima, na bado binti wa watu alikuwa analala kwenye kochi la babu yake. "Tutakuita," ofisi zote zilimwambia, nyingine kwa Kiswahili, nyingine kwa Kiingereza cha puani. Hakuna iliyowahi kumwita. Matapeli wa adabu, wote.

Babu waliyemwita Koplo alikuwa amengoja zaidi. Tangu vita viishe alikuwa anaomba kitu kimoja: kumbukumbu zake jeshini zisahihishwe. Siku ya kuvuka mto alibeba majeruhi mgongoni mpaka ng'ambo, mmoja baada ya mwingine, halafu kumbukumbu zikasema hayupo. Medali wakapewa waliokuwepo. Sasa kifua kilikuwa kinakoroma kama redio isiyoshika stesheni, na alitaka, kabla hajazikwa, aandikwe pale alipokuwa.

Nyumbani kwake kulikuwa na sheria moja tu: mtu asimwitikie mwenzake. Ukiitwa, jibu mwenyewe. Kama hupo, jina lako liishie hewani. Bibi alikuwa akicheka. "Muuza maziwa akija kuniulizia, huyu anamkodolea macho tu. Si angesema nipo jikoni!" Wote walidhani ni ukaidi wa kambini.

Sheria hiyo Digrii alikuwa ameivunja siku chache kabla ya chai ile, kwenye ofisi ya kumbukumbu. Pale karani huita majina dirishani, na usipoitika faili lako linarudi chini ya rundo, uje wiki nyingine. Walikuwa wamekaa benchini asubuhi nzima. Koplo kwenda chooni tu, jina lake likaitwa.

"Hayupo?" karani akauliza kwa furaha, mkono tayari kwenye faili.

"Yupo!" Digrii akapaza sauti.

Nani asiyefanya hivyo kwenye foleni? Ukingoja ofisi ikuonee huruma, utaota mizizi.

Koplo alirudi akifuta mikono kwenye suruali, akaliona faili limefunguliwa. "Nani ameniitikia?"

"Mimi, babu. Si wangekurudisha?"

Mzee akakaa taratibu. "Bora wangenirudisha, mjukuu wangu."

Hakueleza zaidi. Alieleza baada ya siku ile ya chai, jioni umeme ulipokatika, wakiwa watatu sebuleni na mshumaa mmoja, na chumbani kulikuwa na mtu anatembea kwa viatu vilivyojaa maji.

"Tulimpoteza Mrefu mtoni," akanong'ona. "Sote tulimwona anazama. Jioni sajenti akaita majina, akafika kwa Mrefu, na mmoja wetu, sijui ni nani, labda kwa mapenzi, labda kwa mzaha wa uchovu, akasema yupo. Kesho yake, wakati wa kuandika orodha ya waliovuka, jina likaitwa tena. Hakuna aliyefungua mdomo. Mwisho wa mstari kitu kikajibu chenyewe, 'Yupo!' Nikatoka mstarini kwenda kutazama. Nikaona viatu, Digrii. Viatu tu, vinatoa maji. Nikiwa kule, sajenti akaita jina langu, sikulisikia, akaandika sipo."

"Kwa hiyo huyo Mrefu..."

"Si Mrefu. Mrefu alikuwa rafiki yangu. Hicho ni kitu kilichokuta jina liko wazi kikaingia. Kikapewa na medali."

Bibi hakucheka. Akausogeza mshumaa karibu.

Tangu hapo kila alipoitwa mzee, sauti ile ilitangulia, kwanza nusu pumzi, halafu pumzi nzima, halafu ikawa inaitika kabla Bibi hajamaliza jina, kwa sauti ya Koplo lakini changa zaidi, yenye nguvu ambazo yeye hakuwa nazo tena, na harufu ya tope ikatoka chumbani ikaja sebuleni, ikaingia kwenye mto wa kochi, kwenye nywele, kwenye maji ya kunywa, na mzee naye akazidi kukauka, sauti yake ikipungua kadiri ile nyingine ilivyonenepa. Kisha karani akapiga simu.

"Mzee wako ana bidii kweli! Jana ameshinda hapa benchini mpaka tunafunga. Maombi yamepita. Ila mwambie, sori, asije tena na viatu vilivyolowa."

Koplo alikuwa hajatoka kitandani wiki nzima.

Wakamleta mama mmoja anayetibu wenye majini. Bibi alikuwa ameandaa ubani. Mama yule akausukuma kando.

"Moshi ni wa mbu. Huyu aliingia kwa kuitikiwa, atatoka kwa kuitikiwa. Siku jina litakapoitwa mbele za watu, mwenyewe awahi. Akiwahi, yamekwisha. Akichelewa, mtakayerudi naye nyumbani siye mume wako." Akamgeukia Digrii. "Na wewe uliyempigia debe, funga mdomo. Akilikosa jina hili, atatafuta lingine lililo wazi."

Medali ikapangwa Alhamisi, saa nne. Na simu ya Digrii, iliyokaa kimya miaka yote, ikapokea ujumbe: usaili, Alhamisi, saa nne.

"Nenda," Bibi akasema. "Nitampeleka mimi."

"Bibi, wewe na yeye mnagawana pumzi moja. Akianguka nani atamshika?"

"Watakuita tena."

"Hao? Kwanza huu ni muujiza."

Alhamisi akazima simu, akamshika babu mkono.

Uwanja ulikuwa umejaa jua na viti vya plastiki. Ofisa akasoma jina la Koplo, lile kamili ambalo hata Bibi halitumii, na Koplo akafungua mdomo pakatoka hewa tu, na chini ya viti maji yakaanza kutambaa, meusi, yakipita katikati ya miguu ya watu ambao hawakuyaona, na nyuma ya shingo ya Digrii kitu kikavuta pumzi ndefu ya tope, kikijiandaa, na yeye akauma ulimi mpaka akaonja damu, kwa sababu neno lilikuwa limekaa pale pale mdomoni mwake, jepesi, la kumsaidia mzee wake, na hakulisema.

"Nipo!" Koplo akapasua kifua. "Nipo, afande!"

Nyuma yao, kwa kuchelewa kidogo, sauti ikasema, "Yupo," kinyonge, kama mtu aliyeachwa na basi. Viatu vikageuka. Vikaondoka, chwa, chwa, chwa, kuelekea getini na mjini.

Koplo akavishwa medali huku analia bila aibu. Nyumbani Bibi alimwita kila dakika, kwa raha tu, na aliyejibu alikuwa yeye. Chumba kilinukia rangi ya viatu. Digrii akacheka, akaiwasha simu aombe radhi kwa kukosa usaili. Kabla hajapiga, ikaita.

"Hongera, dada!" Ilikuwa sauti ya msichana wa mapokezi. "Bosi amekupenda. Jumatatu unaanza."

"Mimi sikuja."

"Acha utani! Tumekuita ukajibu 'Yupo!' kama uko kambini, tumecheka wote. Ila hayo mazulia ni mapya, dada, na viatu vyako..." Akasita. "Hee, kumbe hujaondoka? Si wewe huyo pale mlangoni?"

Msichana akaweka simu pembeni, akaita jina la Digrii kwa sauti.

Digrii alifungua mdomo haraka kuliko alivyowahi kufanya jambo lolote maishani. Upande wa pili, kwa sauti yake mwenyewe, mtu alikuwa ameshaitika.